Mijusi wa Fundi Saa

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo, watu wakiwa njiani kutoka kununua mkate. Nimeamua kuandika kila nitakapopata nafasi, hata mstari mmoja, maana tangu nirudi kuishi kwa wazazi siku zangu zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Asubuhi nauza dawa dukani, mchana namsaidia baba na mijusi wake. Habari za ndoa yangu nimeshawasimulia watu vya kutosha. Humu hazitaingia.

Nieleze kidogo, nikija kusoma uzeeni nisijiulize. Baba alikuwa fundi saa. Simu zilipoingia mifukoni saa zikatoka mikononi, naye akabaki na meza yake, vibisibisi vyake, na ile lenzi nyeusi ya kubana jichoni. Mteja mmoja aliyekuwa anahama alimwachia sanduku la kioo lenye mijusi wawili wa kigeni, wa manjano wenye madoa ya chui na mikia minene. Mama alilia. Baba akawapenda. Sasa chumba cha nyuma kimejaa masanduku ya vioo, nyenje wa kuwalisha wanapiga kelele mchana kutwa, na wafugaji wanatoka mbali kumletea vitoto vya mijusi awaambie yupi dume, yupi jike.

Si jambo la mchezo. Weka madume wawili sanduku moja, wakikua watauana. Na wangali wadogo hakuna anayewajua, isipokuwa baba. Humtia kimjusi kwenye glasi, huinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, hubana lenzi, akamtazama tumbo kwa chini. Juu kidogo ya tundu la haja, baina ya miguu ya nyuma, dume ana mstari wa vitundu uliopinda kama paa la nyumba. Jike naye anao, ila hafifu, kana kwamba mtu ameigusa karatasi kwa pini asiitoboe.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mama ametoka na mwavuli, hakusema anakwenda wapi. Amerudi amelowa hadi magotini, na hakuleta hata nyanya.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi wa kona amekuja kununua mijusi. Anataka kuwaweka dukani kwake, wateja wanaosubiri zamu wapate cha kutazama.

"Shikamoo, fundi!" Sauti ile iliamsha hadi nyenje.

"Marahaba. Punguza sauti, wengine wanataga humu."

"Wanatagia masikioni?"

Baba alicheka. Akamchukua wa kwanza, mwenye umri wa miezi minne hivi, akainua glasi dirishani. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Jike," akasema. Akamtazama wa pili. "Jike huyu pia. Waweke pamoja tu, hawatagombana."

"Majike wawili nyumba moja wasigombane? Fundi, kumbe hujawahi kuoa wawili!"

"Na wewe hata huyo mmoja umemkosa!" mama akamjibu kutoka jikoni.

Simpendi mtu yule. Mdomo wake ni redio iliyovunjika kitufe cha kuzimia. Na jinsi alivyokuwa akimkodolea macho baba, badala ya kutazama mijusi anaowanunua, kulinikera.

Jumatano, 12 Machi

Nimegombana na mama kwa sababu ya kigoda. Nilikisogeza mlangoni nikaushe miguu, akanipigia kelele kana kwamba nimechoma nyumba. "Kila kitu mahali pake! Umeondoka hapa mtoto, umerudi mtu mzima, hujajifunza kurudisha kitu mahali pake?" Nikamwambia hii ni nyumba, si duka la vyombo. Alikirudisha kigoda, akakipima na ukuta kwa kiganja chake.

Uzee unamfanya mkali. Baba ndiye mpole.

Jumanne, 18 Machi

Umeme umekatika mara tatu. Sanduku la mayai limepoa, na baba amehuzunika. Joto la yai ndilo linaloamua kama kitakachotoka ni dume au jike. "Sasa hata Mungu atakuwa anabahatisha," amesema.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Baba amemimina chai nje ya kikombe. Akasema kikombe kibovu. Mama akasema ndiyo, kibovu, akakitupa. Kilikuwa kizima.

Jumapili, 6 Aprili

Mama ametoka tena, mvua inapiga kama inatudai. Nilimuuliza anakokwenda, akasema kwa rafiki yake mgonjwa. Rafiki gani? "Humjui." Nimekaa nikifikiria mambo ambayo mtoto hapaswi kumfikiria mama yake. Baba wa watu ameketi peke yake na mijusi, mkewe kiguu na njia.

Jumamosi, 12 Aprili

Kinyozi amekuja kabla ya chakula cha mchana, kimya. Hapo nikajua kuna jambo. Mkononi alikuwa na taulo dogo jeupe la kunyolea, akaliweka juu ya meza ya baba na kulifunua. Mjusi mmoja alikuwa amekufa, shingo imeraruliwa. Wa pili alikuwa hai, hana mkia, jicho moja limevimba.

"Fundi," akasema taratibu, "nadhani hawa hawakuwa majike."

Baba hakuinama kuwatazama. Mikono yake ilibaki magotini. "Umewalisha?"

"Kila siku."

"Hujawalisha. Jike mwenye njaa hula hata mkia wa mwenzake. Watu mnanunua viumbe hai kama mnanunua mapambo, halafu mnakuja kulaumu. Majike walikuwa. Nimewatazama mimi mwenyewe."

Sijawahi kumsikia baba akisema na mtu hivyo. Nilimtazama kinyozi, nikingoja naye aanze, maana mdomo anao. Alikunja ncha ya taulo, akaikunjua.

Nikachukua taulo nikatoka nalo uani, chini ya paa la bati. Nikamgeuza yule aliyekufa. Sikuhitaji lenzi. Vitundu vilikuwa vimejipanga vyeusi, vimepinda kama paa, na nyuma ya tundu la haja, pale mkia unapoanzia, vivimbe viwili kama punje za mchele. Nikamgeuza aliye hai. Vilevile. Madume wote wawili. Hata siku ile waliponunuliwa, mtu mwenye lenzi asingeweza kuvikosa.

Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliona nilichokiona, na aliona kwamba nimekiona.

"Mtibuni huyu aliyebaki," akasema. "Nitakuja kumwangalia." Akaondoka mvuani bila kofia, hata taulo lake hakulidai.

Nimemzika yule mwingine kwenye kopo la maua. Jioni baba hakula. Alisema chumvi imezidi.

Jumatatu, 14 Aprili

Sijui nitaandikaje hili.

Mchana alikuja mtu na kisanduku chenye kimjusi kimoja, akamwachia baba, akaenda sokoni kusubiri. Nikamtoa kimjusi nimtie kwenye glasi. Akaniponyoka, akapanda mkono wa blauzi yangu hadi begani. Nikawa nahangaika kumshika bila kumvuta mkia, maana mjusi akishtuka huukata. Glasi niliiacha mezani, tupu.

Baba akanyoosha mkono, akaipata. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akabana lenzi jichoni, akainamisha kichwa kama anavyofanya siku zote, akaizungusha glasi polepole. Nyenje walikuwa wanalia. Nilitaka kusema, baba, bado.

Aliitazama ile glasi tupu kwa muda mrefu.

"Jike," akasema. "Tena jike mzuri. Mtulivu."

Mjusi alikuwa begani kwangu, anapumua.

Nikageuka. Mama alikuwa mlangoni, ameshika mwiko. Aliona yote. Akaweka kidole mdomoni. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita watu mezani, "Mwanangu, njoo unisaidie sufuria."

Jikoni alifungulia maji ya bomba ili tusisikike.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla hujarudi. Jicho la kushoto lilitangulia. La kulia likabaki na tundu dogo, kama anachungulia kwenye mlango. Sasa nadhani hata hilo linaziba."

"Na dawa?"

Akafungua kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na vichupa vya matone. Navijua. Ninavyo dukani kwangu, rafu ya pili, kila wiki nawauzia wazee wa watu na kuwaeleza namna ya kuvuta kope. Kumbe ndiko alikokuwa akienda, duka la upande wa pili wa mji, kwa miguu, mvuani.

"Mama, kwa nini usinunue kwangu?"

"Ungejua."

"Si ndiyo!"

Alizima bomba, akalifungua tena. "Aliniapisha. Alisema, watoto wasipojua, mimi ni mtu asiyeona vizuri. Siku watakapojua, nitakuwa kipofu."

Nimetazama jikoni leo kama mgeni. Sukari kushoto, chumvi kulia, daima. Kigoda usawa wa ukuta. Mama anayepita akigongagonga kila fanicha kwa ufunguo, nami nikidhani ni tabia mbaya, kumbe anamwonyesha njia. Na mimi nilimwaza vibaya. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Muuza dawa ya macho naye hakuona.

Mteja aliporudi kutoka sokoni nilimwambia ni mdogo mno, amrudishe baadaye. Baba alisikia. Hakubisha.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia baba twende hospitali. Amesema lenzi imechakaa, ndiyo inayomsumbua. Nikamwambia, baba, si lenzi. Akainuka kutoka kitini, akaenda chumbani mwake bila kugusa kitu chochote, kwa hasira, akitaka nione. Nilipoingia baadaye nilikuta mlango wa kabati una alama ya damu, na yeye ameufunika uso kwa leso, anajifanya amelala.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Mjusi aliyeng'atwa anakula. Jicho limefunguka.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumepata namna, ingawa hakuna aliyeipanga. Mteja akija, mimi ndiye ninayeinua glasi. Baba husimama karibu, mkono nyuma ya kiti changu. Nami husema kama ninayejisemea: "Naona vitundu vimejipanga vizuri, baba, na vivimbe vipo. Huyu ni dume, au nakosea?"

"Hukosei."

Mteja anatoka ameridhika, amehudumiwa na fundi. Baba ananifundisha tukiwa peke yetu, na sijawahi kumwona mwalimu mvumilivu hivyo. Usimshike mkia. Usimtazame akiwa na baridi, tumbo hujikunja. Usidanganywe na kichwa kikubwa, wapo majike wenye vichwa kama nyundo. "Na usipokuwa na hakika," akasema, "sema sijui. Waambie wasubiri akue. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri."

Nilimkumbuka yule aliyezikwa kwenye kopo la maua. Naye baada ya kuyasema hayo alianza kuifuta glasi.

Jumatano, 30 Aprili

Kinyozi amekuja kumnyoa baba nyumbani. Alijileta mwenyewe, na beseni lake. Alipomaliza nilimsindikiza hadi getini.

"Dada," akasema, "nitakwambia kitu usinichukie. Mtu yeyote ukimsogezea wembe karibu na jicho, hupepesa. Hata jasiri. Baba yako hapepesi. Tangu mwaka jana."

Nilisimama pale, matone yakiniangukia kutoka kwenye paa.

"Ulijua. Na bado ukanunua mijusi kwake?"

"Nilidhani ya karibu bado anayaona. Halafu nikimkatalia, ningemwambia nini?"

"Umewaambia wangapi?"

Akacheka, lakini si kile kicheko chake cha dukani. "Kinyozi anayesema kila anachokijua hubaki bila kichwa cha kunyoa. Mimi napiga kelele za mpira na za bei ya unga. Mengine nayafagia pamoja na nywele."

Nikamwomba azungumze na baba kuhusu hospitali. Akarudi ndani. Sijui walizungumza nini. Nilisikia tu baba akisema, "Naogopa," na kinyozi akijibu, "Twende wote, fundi, tuogope wote."

Jumanne, 6 Mei

Hospitali. Baba katikati, mimi na kinyozi pembeni kama askari. Mama amebaki nyumbani.

Daktari ni mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye mikono ya baridi. Alimpima polepole, akamwambia ukweli bila kumwonea haya, na nilimshukuru. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekufa. La kulia limebaki na upenyo mwembamba. Upasuaji unaweza kuulinda upenyo huo, na unaweza usiulinde.

"Na yaliyokwenda?" baba akauliza.

"Yaliyokwenda hayarudi, mzee wangu."

Baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Daktari akasema ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, watoto wake wapimwe. Akanipima hapo hapo.

Njiani baba alinishika mkono. Ameshikwa mkono na mama miaka yote, lakini mimi hajanishika tangu nivuke barabara kwenda shule. "Wewe wamekuonaje?"

"Mzima, baba."

"Usinifiche kama mnavyonificha mengine."

"Mzima kabisa. Kinyozi alikuwepo, muulize."

"Mzima, fundi," kinyozi akasema. "Hata mimi kanipima, kasema ubongo tu ndio una shida."

Baba hakucheka. Alisimama katikati ya njia, watu wakitupita na miavuli yao, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mvua ikimwingia. "Basi," alikuwa akisema. "Basi, basi. Imeishia kwangu."

Jumanne, 13 Mei

Wamempasua. Bandeji. Tunangoja.

Jumamosi, 17 Mei

Bandeji imetolewa. Anaona mwanga. Anaona kivuli cha mkono ukipita. Daktari amesema tusubiri.

Jumatano, 21 Mei

Amekuja mwanamke anayefanya kazi kiwanda cha viatu, amesafiri tangu alfajiri na masanduku mawili. Kimjusi kimoja kila sanduku. Anataka kujua kama anaweza kuwaweka pamoja, chumba chake kidogo. Kinyozi alikuwepo, amekuja kumwangalia mgonjwa wake, ambaye mkia mpya umeanza kuota, mfupi na mnene kama kiazi.

Nikainua glasi, nikaanza maneno yangu: "Baba, naona..."

"Samahani, dada," yule mwanamke akanikata. "Nimepanda magari mawili kuja kwa fundi. Nataka fundi mwenyewe atazame."

Nikamtazama baba. Akanyoosha mkono, nami nikampa glasi, safari hii ikiwa na mjusi ndani. Aliinua. Alibana lenzi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, nguo aliyokuwa akikunja imebaki hewani. Baba akaizungusha glasi polepole, yule kimjusi akateleza ndani huku na huku.

Akaishusha. Akaitoa lenzi jichoni, akaiweka mezani.

"Mama," akamwambia yule mgeni, "mimi sioni."

Akaisogeza lenzi upande wangu.

"Sioni. Nilikuwa naona, na huko unakotoka labda bado wanasema hivyo. Sasa mtazamaji ni binti yangu. Mpe yeye, au rudi na mijusi wako. Sitakulaumu."

Akageuza uso upande alipodhani kinyozi yupo. Alikosea kidogo, aliutazama ukuta. "Na wale wawili wako sikuwaona. Nilibahatisha. Halafu nikakutukana."

Kinyozi akasogea, taratibu, akasimama mbele ya ukuta ule, pale macho ya baba yalipoelekea. "Najua, fundi," akasema. "Yamekwisha."

Yule mwanamke alinitazama, kisha akasukuma masanduku yake upande wangu. Nilitazama kwa lenzi ya baba, ambayo ilikuwa bado na joto la uso wake. Wa kwanza dume, wazi. Wa pili nilimtazama mpaka jicho likaniuma. Palikuwa na alama, na hazikuwa alama.

"Huyu ni dume," nikasema. "Huyu sijui. Wasikae pamoja. Mrudishe huyu akikua kidogo."

Aliguna, amesafiri mbali kwa jibu la nusu. Lakini alishukuru, akaenda. Baba alikuwa ameketi, mikono magotini.

"Umesema vizuri," akaniambia.

Baadaye nilimkuta mama uani, anakamua nguo zilizokwisha kukauka.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua zinapungua. Mayai mawili yameanguliwa, vitoto vidogo kama vidole. Nimemwekea baba kimoja kiganjani. Kikamlilia, kilio kile chao chembamba cha kutisha watu. Alitabasamu. Hakuuliza ni cha kike au cha kiume, wala mimi sikuinua glasi.

Alhamisi, 29 Mei

Asubuhi baba ameninong'oneza kwamba kivuli cha mkono hakioni tena vizuri. Ameniomba nisimwambie mama. Nimemwambia sitaficha tena chochote katika nyumba hii. "Basi mwambie mimi nikiwa nimelala," akasema.

Jumapili, 1 Juni

Jua. Jua kamili, la kwanza tangu Machi. Majirani wametoa magodoro nje. Tulikunywa chai chumba cha nyuma kwa sababu ndicho kinachopata jua la asubuhi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, uso kaelekeza dirishani. Mwanga ulikuwa umemjaa wote, nyusi, mikunjo, hadi vinyweleo vya masikioni.

"Mama watoto," akasema, "mbona leo hamjafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Mama alilifungua tulipoamka.

Mama akanitazama. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akazirudisha mbao za kulifunga taratibu sana, bila sauti, kivuli kikamfunika baba usoni. Akangoja kidogo. Halafu akazifungua kwa kishindo, kama mtu anayefungua kwa mara ya kwanza.

Baba aliinua kiganja akakiweka mbele ya uso wake, akakiacha pale. Joto likakipata, lile lile lililokuwa usoni mwake tangu asubuhi. Akakigeuza upande wa pili.

"Lilikuwa wazi," akasema.

Mama alikuwa bado ameshika mbao za dirisha. Niliona anatafuta la kusema, na niliona anaacha kulitafuta.

"Ndiyo," akamjibu. "Lilikuwa wazi."

Akaja akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la baba. Baba akautafuta uso wake kwa vidole, akaanza kwenye kidevu, akapanda. Nikachukua kopo la nyenje, nikaenda kulisha mijusi.